Gari la Zimamoto Halienei Njiani

Usiku wa jana niliota gari la zimamoto limeshaondoka, nami nimening'inia ubavuni, slipa mguu mmoja. Mji ni Rotterdam, nilikowahi kupakua meli. Mbele kuna nyumba inafuka moshi, na dada yangu Mwanashehe amefungiwa ghorofani.

Gari lenyewe ni neno. Bodi yake ni herufi tupu: BRANDWEERWAGEN. Ndivyo Waholanzi wanavyoliita gari la zimamoto. Wameunga maneno matatu, brand, weer na wagen, bila kuvuta pumzi.

Barabara inakatika ghafla, kama mstari kwenye karatasi. Inaendelea chini yake, kuanzia kushoto. Njiani kimelala kistari, kile cha kukatia maneno mwisho wa mstari, kimevaa tai.

"Gari halienei, mzee. Likate, nusu ishuke chini."

"Dada yangu anaungua!"

"Aungue kwa utaratibu."

Nikakitukana tusi la bandarini. Kikanipa msumeno. Nikakata kama tunavyokata silabi kwetu, baada ya irabu: BRA.

"Mfupa huo!" gari likapiga yowe. "Mshenzi we, kata kwenye kiungo!"

Nikahamia kati ya WEER na WAGEN. Likaachana kama muwa. Nusu ikashuka, kistari kikazishika nusu zote mbili, huku kinahema.

"Sasa weka mkazo," kikaniamuru.

Mkazo ni gunia la vyuma. Nikalitua juu ya WA, silabi ya pili kutoka mwisho, wanapoliweka Waswahili wote. Gari likainua pua juu, magurudumu ya mbele yakazunguka hewani bure.

"We Shekue!" Mwanashehe anafoka dirishani, moshi unamtoka puani. "Dunia nzima umezurura, hujui kwa hawa mzigo unakaa mbele?"

"Mbele wapi? Sema vizuri!"

"Kwenye BRAND! Brand ndio moto! Nami ndiye ninayewaka, mpumbavu mkubwa!"

Nikalibeba gunia kwa hasira, si kwa nguvu, nguvu sina tena. Nikalibwaga kwenye BRAND. Gari likatua kwa kishindo, likachomoka, likaingia dirishani zima zima.

Basi. Moto ulizimika. Kistari kilikatika katikati, sasa kinafanya kazi ya nukta mbili. Gari lilirudi kwenye kamusi, limenuna. Mwanashehe alitoka hai, hakusema ahsante.

Nikaamka bado nina hasira. Mwanashehe akaingia na chai, akaibamiza mezani.

"Unanikodolea nini asubuhi yote hii?"

Nyusi zake zilikuwa zimeungua, zote mbili.