Verna Arudi Kazini

Verna Lindquist alikuwa jikoni kwake Arlington, akimenya viazi vya saladi, simu ilipolia. Alikuwa Corinne, shoga yake wa tangu ujana, ambaye bado alifanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ng'ambo ya mto.

"Shoga, keti kwanza. Ile sheria imefutwa!"

"Sheria gani? Mwenzio namenya viazi hapa."

"Ya kutuachisha kazi tukiolewa! Walioondolewa wanaruhusiwa kuomba kurudi. Hebu acha hivyo viazi."

Verna akaweka kisu chini. Zamani alikuwa ofisa wa siasa ubalozini Ankara, akikisema Kituruki vizuri hata wauza matikitimaji sokoni wakawa wanamtania kama mwenzao. Kisha akampenda Harlan, ofisa mwenzake aliyepita pale safarini kutoka Athene, na alipotangaza uchumba tu, akatakiwa ajiuzulu. Harlan akapanda vyeo. Yeye akamfuata ubalozi hadi ubalozi, akipitisha sinia za vitafunio kwa amri ya wake za mabalozi.

Jioni alimweleza mumewe, akijifanya hajali. "Nimeshazeeka mimi. Na Kituruki chenyewe kimeota kutu."

"Kutu?" Harlan akacheka. "Mbona ukiota usiku unanigombeza kwa Kituruki?"

"Na kazi yako je?"

"Nitaomba likizo isiyo na mshahara. Umenifuata vya kutosha, mpenzi. Sasa zamu yangu."

Verna akageukia sinki ili machozi yasionekane.

Mwaka uliofuata walikuwa Ankara. Kwenye dhifa ya kwanza, mzee mmoja wa serikali, mwenye masharubu meupe, alimwendea Harlan moja kwa moja na kumpa mkono, akisema kwa Kiingereza:

"Karibu, bwana ofisa mpya."

"Umebisha mlango wa jirani, bwana," alijibu Harlan, sinia mkononi, wala hakuna aliyemtuma. "Ofisa ni yule wa gauni la buluu. Mimi ni mumewe. Chukua zeituni."

Mzee akamsogelea Verna kwa shaka. Verna akamsalimu kwa Kituruki, kisha akamuuliza hali ya wakulima waliokatazwa kulima afyuni, jambo ambalo Marekani ilikuwa imelishinikiza. Mzee alikunja uso, halafu akaanza kusimulia habari za kijiji alichozaliwa. Verna alisikiliza zaidi kuliko alivyosema.

Wakirudi nyumbani kwa miguu, alimuuliza Harlan, "Nimeongea vizuri, au nimebabaika?"

"Nitajuaje? Sielewi hata neno. Ila yule mzee alisahau kula zeituni zake."

Verna akacheka, akamshika mkono, wakateremka kilima polepole.