Mgombea Namba Tatu

Kijiji cha mwisho kujumlishwa kilikuwa Lumban Sirpang, na kabla msimamizi hajafungua mdomo, Bistok Tampubolon alikuwa ameshapokea pongezi za watu wanne. Alikaa kiti cha mbele kabisa katika ukumbi wa tarafa, mguu juu ya mguu, kahawa mkononi, meno yote nje. Vipindi viwili mfululizo alikuwa mjumbe wa Baraza la Wilaya. Cha tatu alikihesabu kama shati lake lililoanikwa uani, kazi iliyobaki ni kwenda kulianua.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Lamria, binti wa ukoo wa Butarbutar, mkoba umetulia mapajani. Watu walidhani amekuja kumsindikiza shemeji yake, Bistok. Walikuwa wagombea wa chama kimoja, kwenye karatasi moja: Bistok namba moja, Lamria namba tatu.

"Lumban Sirpang," msimamizi akasoma. "Namba moja, kura kumi na tisa. Namba mbili, kura mbili. Namba tatu, kura mia moja na kumi na mbili."

Kicheko cha Bistok kikakatika. "Rudia, Amang, mzee wangu. Umesoma mstari wa chini."

"Nimesoma mstari ulioandikwa, mheshimiwa."

Wakala wa chama akaanza kubofya kikokotoo chake, akabofya tena, kisha akakitazama kama kimemtukana. Hakuwa na ujasiri wa kusema kwa sauti, kwa hiyo msimamizi akamsemea. Jumla ya tarafa zote: namba moja, elfu moja mia tisa arobaini na saba. Namba tatu, elfu moja mia tisa sabini na nane.

Lamria alijikaza asitabasamu. Uchaguzi wetu ndivyo ulivyo: kura za wagombea wote wa chama humwagwa kwenye chungu kimoja, na chungu kikijaa, chama kinapewa kiti. Kiti hicho hukaliwa na yule aliyewazidi wenzake kwa kura zake mwenyewe. Bila zile elfu moja mia tisa za Bistok, chama kisingepata hata kigoda. Yaani mzee mzima alizunguka milimani miezi minne, akala vumbi, akabusu vichanga vya watu, ili amjazie chungu mwanamke aliyemwazima jina.

Na kweli aliliazima. Sheria inataka katika kila majina matatu ya wagombea mmoja awe mwanamke, na Bistok alipokosa wa tatu alikwenda jikoni kwa Lamria, akamkuta anakata vitunguu.

"Shemeji, niazime jina."

"Jina langu lina nini?"

"Halina kitu, ndiyo maana nalitaka," akasema, akacheka mwenyewe. "Nipe nakala ya kitambulisho tu. Kampeni niachie mimi. Wewe endelea na vitunguu vyako."

Lamria alifuta mikono, akampa. Bistok akaondoka akidhani kimya cha miaka saba ni msamaha. Wanaume wa aina yake hudhani mwanamke asiyepiga kelele amesahau.

Miaka saba kabla ya hapo alifariki Tiolina, mdogo wake Lamria na mke wa Bistok. Mke wa ndoa ya kanisani na ya kimila, nguruwe walichinjwa, wakafunikwa vitambaa vya kufumwa mabegani, kila kitu. Miaka tisa wakakaa bila mtoto. Mwaka wa kumi Bistok akawa na shughuli nyingi jijini Medan, na shughuli zenyewe zikamzalia watoto wawili. Tiolina alirudi kwa kaka yao, Mangihut, akiwa na sanduku moja, akaugua figo, akakata roho.

Kwetu mke aliyeolewa huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe. Kumzika kwao ni kutangaza kwamba hakuwahi kuwa mke wa mtu. Basi wakamlaza sebuleni siku tatu, jeneza wazi, wakimngoja mume. Kila gari lililopita barabarani Lamria alitoka kuchungulia. Siku ya tatu likaja gari la mizigo limebeba ubao wa maua, ule mkubwa wa kuegeshwa nje ya nyumba ya msiba, na juu yake imeandikwa kwa herufi nene: *Rambirambi kutoka kwa Mheshimiwa Bistok Tampubolon na Familia.* Na familia! Jina la marehemu halikuwepo kabisa.

Tiolina akazikwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, kati ya mahindi na banda la nguruwe. Hakuwa na mwana wa kumdai. Lamria hakutoa chozi siku ile, maini yalikuwa yanaungua mno.

Kwa hiyo kampeni aliifanya. Hakupanda jukwaani hata mara moja. Yeye ndiye mpishi mkuu wa kwaya ya akina mama, na hakuna harusi wala msiba kutoka ziwani mpaka juu milimani usiopikwa na genge lake. Bistok alipochinja nguruwe kuwalisha wapiga kura, nani alipika? Lamria na wenzake. Kila mwanamke aliyechota mchuzi aliinama kidogo sikioni mwa mlaji.

"Inang, mama yangu, ukiingia kwenye kile kibanda cha kura, msumari wako utoboe namba tatu kwenye karatasi. Unajua kwa nini."

"Najua, mwanangu. Niongeze nyama."

"Kula, kula. Ni yake."

Walimnyoa bila maji, tena kwa nyama yake mwenyewe, na hakuhisi hata wembe.

Siku mbili baada ya matokeo Bistok akaja nyumbani kwa Mangihut na mwenyekiti wa chama wa wilaya na wazee wawili wa ukoo wa Tampubolon. Wamebeba nyama ya nguruwe iliyopikwa kimila kwenye sinia, kama inavyompasa mwanaume anapokwenda kuomba jambo kwa ukoo aliooa. Miaka saba hakukumbuka kwamba ana wakwe. Kura thelathini na moja zilimrudishia kumbukumbu.

"Tumekuja kwa unyenyekevu," mwenyekiti akaanza, akimgeukia Lamria. "Mama Togar ametupa heshima kubwa chamani. Lakini siasa ni kazi ngumu. Akiandika barua ya kujiuzulu kabla ya kuapishwa, kiti kinakwenda kwa anayemfuatia kwa kura. Hakiendi mbali, kinabaki nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Lamria akauliza.

"Shemeji," Bistok akaingilia, sauti tamu, "tusigombane mbele ya wazee. Wewe utakwenda kufanya nini kule? Kuna makabrasha, kuna bajeti, kuna watu wa kuzungumza saa tatu bila kumeza mate."

"Kwani wewe ulifanya nini miaka kumi? Maana barabara ya Lumban Sirpang bado tunavuka na viatu mkononi."

Mzee mmoja wa Tampubolon akakohoa ili asicheke. Mangihut, mtu wa amani, mtu anayeogopa aibu kuliko ugonjwa, akamgusa dada yake kiwiko. "Lamria, wamekuja kimila. Wajibu kimila."

"Nawajibu kimila, kaka." Akageuka kwa Bistok. "Unataka nitie sahihi? Nitatia. Lakini kwanza njoo umchukue mkeo."

Wazee wawili wakageuka kumtazama Bistok.

"Mkeo yuko nyuma ya banda la nguruwe," akaendelea. "Utamfukua kwa mikono yako. Utamwosha mifupa kwa maji ya ndimu na manjano, wewe, usitume mtu. Utambeba kichwani kwako mpaka kwenye kaburi la ukoo wenu, alale karibu na baba yako, na utasema mbele za watu huyu ni nani wako. Siku utakayomaliza, leta kalamu."

Kuhamisha mifupa ya wazazi na mababu ni jambo letu la kawaida, na ni heshima. Ila hufanywa na watoto kwa mzazi wao, kwa ngoma na karamu. Mume kumfukua mke aliyemtelekeza, hilo hakuna mzee aliyewahi kulisikia. Bistok alitazama dari, akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatikisa kichwa kidogo sana kukubali. Kuapishwa kulikuwa bado miezi mitano.

"Unatoa neno lako?" Bistok akauliza.

"Natoa," Lamria akasema mbele ya wote.

Siku aliichagua Lamria mwenyewe: siku ya gulio, saa nne asubuhi, na njia ipite katikati ya soko. Mchungaji aliomba, ngoma zikaanza, na Bistok Tampubolon akavua koti akashuka shimoni. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Genge zima la wapishi lilisimama pembeni, mikono kifuani. Alipofika kwenye mbao zilizooza alisita, akamtazama mchungaji kama anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Endelea, shemeji," Lamria akasema. "Hang'ati."

Akatoa fuvu kwanza. Lilikuwa dogo kuliko Lamria alivyotarajia, na meno yalikuwa yale yale ya Tiolina, la mbele limepanda kidogo juu ya mwenzake. Hapo tu ndipo Lamria alipolia, kilio cha miaka saba kwa mkupuo, mpaka wanawake wakamshika mabega. Bistok aliosha mifupa mmoja mmoja kwenye beseni, vidole vikawa vya manjano. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaiweka kwenye kapu, akajitwika.

Kutoka pale mpaka kaburini ni mwendo wa saa nzima. Sokoni wauza samaki waliacha mizani, wanywaji walitoka vilabuni na glasi mkononi. "Huyo si mheshimiwa?" "Ndiye." "Kabeba nini?" "Kambeba mkewe." "Yupi?" "Yule aliyemletea ubao wa maua!" Maneno yalikimbia mbele yao kwa kasi kuliko ngoma.

Lamria alitembea hatua mbili nyuma ya kapu. Aliona shingo ya Bistok imelowa jasho, kisha akaona mabega yanatikisika, na akatambua kwamba mtu huyu analia. Kwa hatua kama ishirini moyo wake ulilegea. Aliwaza: basi, yatosha, amelipa. Nitatia sahihi, nirudi kwenye sufuria zangu. Kule barazani nitakwenda kumwonyesha nani nini?

Walipofika penye daraja Bistok akageuza uso, bado machozi mashavuni, akamwuliza kijana wake wa kamera, "Ile ya sokoni umeipata? Ya kulia?"

Moyo wa Lamria ukafunga tena, na safari hii ukatia komeo.

Kaburini Bistok alisema maneno yote yaliyotakiwa, tena vizuri, alikuwa msemaji siku zote. "Huyu ni Tiolina, mke wangu wa ndoa. Namrudisha kwa baba yangu." Wakamlaza, mafundi wakaziba kwa saruji, mchungaji akabariki. Wazee wa Tampubolon wakachora jina lake chini ya majina ya ukoo. Watu wakala, wakashiba. Mama mmoja wa kwaya alimnong'oneza Lamria kwamba sasa Tiolina ana anwani.

Sahani zilipoanza kukusanywa, Bistok akaja na bahasha. Alikuwa ameoga na kubadili shati. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, Mangihut pembeni, wazee wamekaa mkekani. Akatandaza barua mezani mbele ya Lamria, akaweka kalamu juu yake.

"Nimemaliza, shemeji. Kila ulichosema."

"Umemaliza. Nashukuru."

"Basi."

Lamria akaisoma barua neno kwa neno, bila haraka. Kisha akaikunja mara mbili, akairudisha ndani ya bahasha, akampa.

"Sitii."

Mangihut akasimama. "Lamria! Tulitoa neno mbele ya wazee!"

"Neno nilitoa mimi, kaka, na aibu ya kulivunja ni yangu. Nitakwenda nayo huko huko barazani, nitaikalia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeagiza chumvi.

Bistok alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Wewe mwanamke! Nimeshika mifupa kwa mikono hii! Nimepita sokoni watu wananicheka! Nimembeba bure?"

"Bure," Lamria akasema. "Mke wako alitaka kitu hicho tu maisha yake yote, shemeji, kubebwa na wewe bure. Leo amekipata."