Jibu la Nevena

Filomena alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatachukua mtoto asiyetaka kuja. Aliapa jikoni kwake, huko Cerignola, Italia, mikono imejaa unga, mama mkwe wake na majirani wawili wakimsikia.

"Sitaki mtoto wa kuburutwa kama mbuzi wa mnadani. Nitamuuliza mwenyewe, kwa lugha yake. Akikubali, namleta. Akikataa, narudi mikono mitupu na sitajaribu tena."

"Mtoto wa miaka sita anajua nini?" Bibi Rachele, mama mkwe, akadakia. "Mpe peremende, atakufuata mpaka Roma."

"Nitamuuliza, mama."

Nunzia alikuwa mezani akichambua maharage. Yeye ndiye mtoto pekee wa nyumba ile, miaka kumi na miwili. Baada yake mama yake aliharibikiwa na mimba nne, na baada ya ile ya nne ndipo yalipoanza maneno ya kwenda kuchukua mtoto Bulgaria. Mwaka wa tatu huu. Picha ya Nevena, mtoto wa kituo cha yatima cha huko, ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi mama aliisalimia hiyo kabla hajamsalimia Nunzia; baba aliipita bila kuitazama. Kitanda cha dirishani, alicholalia Nunzia tangu anajijua, kilishapakwa rangi upya na kutandikwa shuka zenye vipepeo. Nunzia akahamishiwa kule ukutani, nyuma ya kabati.

"Wewe mkubwa sasa," aliambiwa.

Mama alijifunza sentensi nzima ya kumuuliza Nevena kama anataka kuja. Nunzia hakuulizwa kwa lugha yoyote.

Waliondoka baada ya Pasaka, watatu, na gari lao. Wakavuka kwa meli mpaka Ugiriki, kisha siku nzima ya barabara za milimani. Njia nzima mama alikuwa na karatasi yake mkononi akikariri: Unataka kuja nyumbani pamoja nasi? Unataka kuja nyumbani pamoja nasi?

"Filomena," baba akasema mwishowe, "hata injini imeshaijua."

Walifikia nyumba ya wageni karibu na kituo cha watoto. Asubuhi ya kwanza mama na baba waliitwa ofisini kwa mkurugenzi kutia saini, na Nunzia akabaki mezani na Biser, mkalimani wao, mwanamume mnene mwenye kikohozi cha sigara. Nunzia alikuwa amemaliza maziwa yake ya mgando. Akamwinulia bakuli mama mhudumu, maana yake aongezewe. Yule mama akatikisa kichwa, upande huu na upande huu. Nunzia akaona haya, akarudisha bakuli chini. Mara mama yule akaja na bakuli jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Biser alicheka mpaka akakohoa.

"Ulidhani amekunyima? Binti, hapa kwetu mambo ni kinyume. Ukitikisa hivi, upande kwa upande, ni ndiyo. Ukiinua na kushusha, ni hapana. Mwambie mama yako, asije akagombana na wahudumu bure."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Wala siku hiyo hakuwa na nia mbaya. Siku hizo kila kitu kilikuwa cha Nevena, naye akaona apate japo kitu kimoja cha kukijua peke yake.

Nevena mwenyewe alikuwa kijitoto chembamba, nywele zimesukwa mikia miwili, na alikuwa na kigugumizi kibaya. Mbele ya wageni hakufungua mdomo kabisa. Siku tatu zile Biser hakubanduka, akimuulizia na kumjibia, na mtoto akificha uso. Lakini siku ya pili alimshika Filomena kidole. Siku ya tatu akamlalia kifuani, akapitiwa na usingizi pale pale. Mama akageuka kwa Nunzia, akamvua skafu shingoni bila hata kuomba, akamfunika nayo mtoto.

"Wewe husikii baridi," akasema.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya jibu. Karatasi za mwisho zilikuwa mezani kwa mkurugenzi, zimebakiza saini ya Filomena tu. Mkurugenzi akasema, kwa kinywa cha Biser, kwamba watoto hawaulizwi maswali kama hayo, wanaambiwa tu wavae koti.

"Mimi nitauliza," Filomena akasema. "Na wewe Biser, kaka yangu, utoke nje. Sitaki umsaidie wala umsukume. Mimi na yeye tu."

Biser akainua mikono. "Haya mama. Niko barazani navuta."

Mkurugenzi naye akatoka, chumbani wakabaki wao watatu na mtoto. Filomena akapiga magoti kwenye sakafu, akamshika Nevena mabega, akaisema sentensi yake. Aliisema vizuri, taratibu, bila kukosea neno.

Macho ya mtoto yakawaka. Akatikisa kichwa, upande kwa upande.

Filomena akabaki kaduwaa. Akauliza tena. Mtoto akatikisa kwa nguvu zaidi, ile mikia ya nywele ikimpiga mashavuni, huku anatabasamu meno yote nje.

"Hapana?" mama akasema kwa Kiitaliano, sauti imekauka. "Anacheka. Donato, mtazame, ananikataa na kicheko juu."

Akauliza mara ya tatu. Nevena, kwa kuona huyu mama hamwelewi, akafumba macho akatikisa kichwa kama anayetaka king'oke.

Nunzia alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni. Neno lilikuwa limeshamfika kooni. Akamtazama baba yake. Donato, kabla mgongo haujamharibikia, aliendesha malori ya nyanya za kopo mpaka Sofia miaka minane. Alikula na watu hawa, akapatana nao bei, akacheza nao karata. Hakuna namna asijue. Nunzia akamngojea aseme. Baba naye akainua macho, akakutana na ya bintiye, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua. Kisha baba akatazama viatu vyake.

"Basi, Filomena," akasema. "Umeuliza, umejibiwa. Wewe ndiye uliyeapa."

Filomena akainuka. Hakulia. Akambusu mtoto utosini, akatoka kupitia mlango wa uani kwenda kwenye gari, baba nyuma yake amemshika kiwiko. Nevena naye akaruka kama mshale uliofyatuliwa kwenye upinde, akapanda ngazi mbio kwenda bwenini.

Biser akaingia akakuta Nunzia peke yake.

"Enhe? Wamekwenda wapi? Mtoto amesemaje?"

Hapo Nunzia angeweza kukaa kimya, au kusema kweli. Lakini alifungua mdomo wake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

"Mama amebadili mawazo. Anasema huyu ana kigugumizi, hamtaki. Anaona aibu kuwaambia."

Uso wa Biser ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyeuma kitu kichungu.

"Jana tu amelala kifuani kwake," akasema. "Mnakuja hapa mnagonga watoto kama matikiti, lipi limeiva, lipi bovu. Nenda. Mwambie mama yako asithubutu kuniaga, nitamtukana."

Gari lilikuwa limeshawashwa. Nunzia akaingia kiti cha nyuma. "Biser amesema twende tu," akasema. "Anatuonea huruma, hajui aseme nini."

"Mungu ambariki," mama akasema, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Wakati gari linaanza kusogea, Nevena alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti, vifungo vimekosewa, skafu ya Nunzia shingoni, na kwapani amebana mfuko wa plastiki wenye nguo zake zote. Alisimama kwanza, kama anayedhani gari linageuzwa tu. Kisha akaanza kukimbia. Alitaka kuita, mdomo ukafunguka, lakini neno likamkwama, akawa anakimbia na lile neno lake lisilotoka.

Nunzia alimwona kupitia kioo cha nyuma. Akageuka mbele, akakuta macho ya baba kwenye kioo kidogo cha dereva. Baba alikuwa amemwona pia. Akabadili gia, akakanyaga mafuta.

Nyumbani walipokelewa na ua mzima. Bibi Rachele alikuwa ameoka, majirani wamekuja na watoto wao, kila mtu anachungulia ndani ya gari.

"Yuko wapi? Mmemficha kwenye buti?"

"Hakunitaka," Filomena akasema, akapita katikati yao akaingia ndani.

"Si nilimwambia achukue peremende?" Bibi Rachele akasema, na jirani mmoja akacheka kabla hajakumbuka kuziba mdomo.

Nunzia alirudishiwa kitanda chake cha dirishani siku ile ile. Lakini mama hakurudi. Alipika, alifua, aliitikia akiitwa, basi. Alimpita Nunzia mlangoni kama mtu anavyopita kiti. Picha kwenye friji haikutolewa, ila haikusalimiwa tena, na Nunzia naye hakusalimiwa. Siku ya kumi na moja akashindwa. Mama alikuwa anakunja zile shuka za vipepeo, baba amekaa na gazeti lake, mchana kweupe.

"Mama. Alisema ndiyo."

Mikono ya mama ikasimama.

"Kwao kutikisa hivi ni ndiyo. Biser aliniambia. Nilijua, mama, nikanyamaza. Alikwenda kuchukua nguo zake, alilikimbilia gari. Mpigie Biser umuulize. Baba anajua, muulize baba."

Filomena akageuka polepole kwa mumewe. "Donato?"

Gazeti likashuka. Nunzia alimtazama baba yake kwa macho yote.

"Miaka minane nimekwenda kule," Donato akasema. "Hapana ni hapana, hata kwa Wabulgaria. Na yule mkalimani, namba yake nilishaitupa. Mtoto anakuonea huruma, Filomena. Anatunga."

"Baba!"

"Anatunga," akarudia, akainua gazeti.

Filomena akaziacha shuka. Akaja akamkumbatia Nunzia, akamminya kifuani kwake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

"Mwanangu mwenye moyo mzuri," akasema, akimpapasa nywele. "Asante. Lakini usinidanganye tena kwa ajili ya kunifariji, sawa? Niache niuzoee ukweli."

Nunzia alijaribu kujitoa aseme tena, lakini mama akamzidi nguvu.