Swali la Abiba

Mwalimu Achuka alifundisha dini katika shule ya upili ya kanisa, mtaani Chechelesi. Kanisa lilipoleta tableti, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaelekeza wanafunzi kutumia akili mnemba. Aliwafundisha alichokiamini. Usiache mashine ikuandikie kazi. Usiamini kila inachosema mpaka ulinganishe na kitabu, na Neno. Na jibu lisipokufaa, uliza tena kwa maneno mengine.

Abiba aliyashika hayo kuliko wenzake. Alikuwa Mborana wa Sericho, Mwislamu, aliyekaa bwenini kwa sababu kwao ni mbali mno.

Siku hiyo darasa lilikuwa likiiuliza mashine juu ya Msamaria mwema. Achuka alipita kati ya madawati hadi nyuma ya Abiba, akasoma.

"Mtu anaweza kukaa bila maji siku ngapi?"

Mashine ilikuwa imejibu kwamba ni chache, na penye joto kali hupungua zaidi. Abiba alikuwa ameuliza tena. Na kama ni kijana mwenye nguvu? Na kama amezoea jua? Na kama ana ngamia anayenyonyesha? Majibu yalizidi kuwa marefu na ya upole, ila siku hazikuongezeka.

Achuka akachuchumaa kando yake. "Ni nani huyo, Abiba?"

"Ndugu yangu Dima. Alifuata ngamia waliopotea. Mama alipiga simu Jumapili, akasema hajarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, madam?" Alisema bila ukali. Kisha akamsogezea tableti. "Pengine siulizi vizuri. Wewe ungeandika namna gani?"

Achuka aliipokea. Akaandika, "Kijana amepotea," akafuta. Akaandika tena, akafuta. Abiba alimtazama vidole, akingoja.

Mwishowe Achuka alimpeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Muthomi. Walimpigia chifu wa Sericho, simu ilikuwa imezimwa. Walimpigia mama, hapakuwa na mtandao. Muthomi alivua miwani, akamwuliza Abiba kama wangeweza kumwombea ndugu yake.

"Ombeni tu," Abiba alisema.

Muthomi aliomba kwa muda mrefu. Achuka hakuyasikia maneno. Macho yake yalikuwa kwenye simu iliyokaa mezani, kimya.

Kabla ya wiki kwisha, mjomba wa Abiba alifika na lori la mifugo. Alisimama langoni, akakataa kiti.

"Alipatikana," alisema.

Achuka alishusha pumzi.

"Alikuwa karibu na kisima. Kisima chenyewe kilikuwa kimekauka. Tumeshamzika."

Abiba hakulia mbele yao. Alifunga kamba ya sanduku lake, akaifungua, akaifunga upya. Achuka alitafuta neno katika dini yake na katika dini ya yule mtoto, asipate zaidi ya pole.

"Asante, madam. Ile kazi ya Msamaria sikumaliza."

"Achana nayo."

Mjomba alimsaidia kupanda.

Abiba hakurudi muhula ule. Masomo ya tableti yaliendelea, kwa kuwa kanisa lilitaka yaendelee. Achuka aliendelea kupita kati ya madawati, lakini sasa kila kioo alikikaribia kwa woga, na mara nyingine aligeuka kabla hajasoma.