Ndege Aliyoipeleka Mwenyewe

Asubuhi ya mkutano wa mwaka wa wenye ndege ndogo na ndege za kukodi, Kipanga aliishusha ndege yao kwenye lami taratibu, hata dada yake, aliyekaa kiti cha pembeni huku amefumba macho, hakujua kuwa wameshagusa ardhi.

"Fumbua, dada. Tumefika."

"Nimshukuru nani, Mungu au wewe?"

"Anza na Mungu. Mimi nitapanga foleni."

Jina la Kipanga alipewa na baba yao, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akitembea huku ameangalia juu, akijikwaa kila mahali. Baba ndiye aliyeinunua ile ndege ya viti sita na kuanza kazi ya kukodisha: leo madaktari, kesho wapima ardhi, siku nyingine bwana na bibi harusi. Alipofariki kwa maradhi, ndege iliandikishwa kwa majina ya mama na dada, maana Kipanga alikuwa bado chuoni akisomea urubani. Hakuna aliyeliona hilo kuwa neno. Dada alishika ofisi na simu, Kipanga akashika usukani, mama akawaombea dua wote wawili.

Mwaka huu dada ndiye aliyetoa wazo kwamba ndege yao nayo ikae kwenye maonyesho. "Watu waione," alisema. "Kizuri chajiuza." Basi Kipanga aliisugua tangu pua hadi mkia, akapaka nta, akafua hata vitambaa vya viti kwa mikono yake.

Dada alisema ana kikao, akaondoka na mkoba wake. Kipanga akajitosa ukumbini. Mabanda yalikuwa yamepangwa kama sokoni: huku injini iliyokatwa katikati ili watu waone utumbo wake, kule jeti ya matajiri imewekewa zulia. Alipanda, akakaa kwenye kiti cha ngozi, akamuuliza muuzaji bei kwa sauti ya mtu mwenye nazo. Muuzaji akamwita "mheshimiwa". Alishuka akicheka peke yake, akatoka nje kwenda kuitazama ndege yake.

Alikuta mafundi wawili juu ya ngazi, wakibandika herufi kubwa za buluu kwenye mkia. Lilikuwa jina la kampuni nyingine, ile inayowanyang'anya wateja kila mwaka.

"Jamani, mmekosea ndege!"

Mmoja aliangalia karatasi yake, kisha mkia. "Hatujakosea, rubani. Ndiyo hii. Wewe ndiye uliyeileta? Hongera, imetunzwa kama mtoto. Bosi anaizindua mchana."

Kipanga alirudi ndani akitembea haraka, halafu akikimbia. Alimkuta dada kwenye korido, kando ya meza ya chai, akipeana mikono na mkurugenzi wa kampuni ile. Mkurugenzi alipoiona sura ya Kipanga, alikumbuka ghafla kuwa ana simu ya kupiga.

"Dada, niambie ni uongo."

Dada aliweka kikombe mezani. "Si uongo. Nimechoka, mdogo wangu. Wewe ukiruka, mimi huku ofisini nakufa na kufufuka. Hali ya hewa ikichafuka silali, sili. Vipuri havipatikani. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ungeniambia, nikatae!"

Watu waligeuka. Dada alishusha sauti, akafungua mkoba, akatoa tiketi mbili za ndege ya abiria. "Tutarudi na hii ya jioni. Nimekukatia kiti cha dirishani."

Kipanga aliitazama tiketi yenye jina lake. Kumbe alipokuwa akipaka nta, safari yake ya kurudi ilikuwa imeshapangwa. Alitoka pembeni akampigia mama.

"Mama, dada ameiuza ndege ya baba."

"Mwanangu," mama akasema, "tuliona ukijua mapema utaumia zaidi."

Tuliona. Neno hilo moja lilimchoma kuliko yote. Alikata simu, akaingia chooni, akalia akiwa amefungulia bomba.

Alipotoka, rubani wa kampuni ile alikuwa akimsubiri kwa aibu, akiomba aonyeshwe ndege. Kipanga angeweza kumpita. Lakini huyo ndiye angekuwa angani nayo, na kosa halikuwa lake. Alimwelekeza vizuri: mlango wa nyuma hung'ang'ania, breki ya kushoto hushika mapema, na akitua kwenye upepo wa ubavu asiiharakishe.

Halafu alirudi ukumbini, akapita banda kwa banda akiomba kazi. Wengi walimpa kofia na kalamu. Mwishoni, mama mmoja mwenye ndege za kunyunyizia dawa mashambani alimuuliza amefikaje hapa.

"Kwa ndege. Imeuzwa huku mimi nikiipaka nta."

Yule mama alicheka, kisha akauona uso wake, akamvutia kiti.

Tiketi ya dirishani haikutumika. Kipanga alianza kazi mbali, kwenye mashamba, akiruka chini chini hadi magurudumu yakakaribia kugusa mimea. Aliipenda kazi ile, ingawa ndege si yake na jioni hunuka dawa.

Na dada hawakutengana. Damu nzito kuliko maji. Wakikutana kwa mama, Kipanga hutoa shikamoo, hupakua chakula, huuliza watoto wanaendeleaje. Lakini dada akimwambia jambo lolote, hata kwamba nje mvua inanyesha, Kipanga huinuka kwanza, akaenda kuchungulia dirishani.