Silabi za Baba

Profesa si profesa. Ni kaka yangu, fundi wa kompyuta, na jina hilo tulimpa kwa sababu hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha. Asubuhi ile, mimi nikifua mashuka, alikaa kwenye kompyuta ya Baba akabadilisha mfumo wake endeshi, ule wa Unix, akaweka toleo jipya. Nani alimtuma? Hakuna!

Kompyuta ile ndiyo koo la Baba. Kabla ya upasuaji uliomwacha bubu, alirekodi silabi zote, ba be bi bo bu mpaka mwisho, na rafiki yake, sasa marehemu, akamtengenezea programu ya kuziunganisha. Baba anaandika, nasi tunasikia sauti yake mwenyewe.

"Haifunguki," Profesa alisema, jasho likimtoka.

"Si ulisema una nakala?"

"Ninayo! Programu ninayo, silabi ninazo. Ila programu inahitaji vipande vya mfumo wa zamani, na huo nimeufuta ili mpya upate nafasi."

"Yaani umetunza ufunguo, ukabomoa mlango!"

Nilitaka kulia. Mchana ule Baba Mdogo, mdogo wake Baba wa pekee, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo katika mji wa mbali, na daktari alishasema tusijipe matumaini makubwa. Baba Mdogo haoni. Macho yalipoanza kufifia, Baba alimfukuza kwenye karakana yao ya useremala mbele ya mafundi wote, na tangu hapo hawakusemezana. Sasa alikuwa ameomba asikie sauti ya kaka yake kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Nilijitolea kumsemea Baba. Akakataa, akaandika kwenye karatasi: "Nilimfukuza kwa mdomo wangu."

Profesa alihangaika. Kila kipande cha zamani alichokipata mtandaoni kilidai kingine, na alipokiweka hicho, mfumo mpya ulikikataa. Baba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Simu ikalia.

"Kaka? Upo?" Ilikuwa sauti ya Baba Mdogo. "Wameshanivalisha gauni hapa, nachekesha kweli. Sema basi."

Baba alinionyesha neno moja kwenye karatasi: Nisamehe. Nikamsukuma Profesa kando, nikafungua faili za silabi nizicheze moja moja kwa mkono.

"Ni," ilisema sauti ya Baba. Nikatafuta, macho yakiruka. "Sa."

Baba Mdogo akacheka. "Ala! Unanisomesha tena, kaka, kama tulipokuwa watoto?"

"Mo." Mungu wangu, nimekosea! "Me," nikabofya haraka, lakini muuguzi wa kike alishadakia simu. "Tunamchukua sasa."

"Dada, tafadhali, silabi moja tu!"

Ikakatika. Baba alininyang'anya kipanya, akaitafuta mwenyewe. "He," ilisema sauti yake chumbani. Akabofya tena. Akabofya tena, mpaka nikamshika mkono.

Jioni hospitali walipiga. Baba Mdogo hakutoka hai.

Wakati huo Profesa alikuwa ndiyo kwanza amerudisha mfumo wa zamani kwa nakala aliyoipata kwa fundi mwenzake, na programu ilikuwa inafunguka vizuri tu, kana kwamba haijatufanyia kitu. Nikapandisha mori. "Toka!" nilimwambia. "Toka nisikuone! Huna faida humu ndani!" Alikusanya nyaya zake kwenye mkoba, akaelekea mlangoni kichwa chini.

Baba alivuta kiti, akaandika. Akafuta, akaandika upya.

"Weka mkoba chini, mwanangu," ilisema sauti yake, nzima, bila kukatika. "Sikufukuzi."

Profesa aliketi palepale kizingitini. Na mimi, matusi yangu yote bado mdomoni, nikaenda kuanua mashuka.