Abiria wa Pili

Ukitaka kumjua mtu vizuri, mkalishe mbele ya kompyuta umwambie anunue tiketi ya ndege. Olga alikuwa amewaona wa kila aina katika kibanda chake cha tiketi mtaani Kimanga, ng'ambo ya ziwa kutoka Bujumbura, chenye meza moja, mashine moja na paneli ya sola juu ya bati. Alimwona mchungaji aliyekiombea kile kitufe cha mwisho mpaka mtandao ukakatika katikati ya sala. Alimwona mwalimu mwenye diploma mbili akifumba macho kama anayechomwa sindano, akisema, "Bonyeza weye, dada, minye siangalii." Lakini mfalme wa waoga wote alikuwa kaka yake mwenyewe, Thierry.

Thierry alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Nairobi. Mara moja tu alijinunulia tiketi kwa simu yake, na siku ya safari akaambiwa uwanjani kwamba tiketi ile haipo duniani wala mbinguni. Tangu hapo hakugusa tena. Akitaka kuja nyumbani alimpigia mdogo wake, Olga akamsomea ukurasa mstari kwa mstari, naye akawa anarudia kila neno kama mtoto wa katekisimu. Olga alikuwa akimcheka mpaka anashika mbavu.

Siku ile hakucheka. Mama yao, Mama Pudentienne, alikuwa amefariki alfajiri nyumbani kwao Songo, tansyo, ile presha ya damu, imempanda ghafla, na kwa sababu ya joto mazishi yalipangwa kesho yake alasiri.

"Utamuita Thierry," mjomba Damien alimwambia, akimvuta nyuma ya nyumba, mbali na wanawake waliokuwa wakilia. "Muambie mama iko mugonjwa sana, aje. Usimuambie kitu ingine. Atajua akifika hapa, akiwa mu mikono ya watu."

"Mujomba, yaya Thierry ataniuliza."

"Akuulize. Weye unasema iko mugonjwa. Muntu hapashwi habari ya hivi akiwa peke yake mu njia."

Ndivyo walivyofanya siku zote upande ule wa ziwa. Familia nzima hudanganya kwa moyo mmoja, na aliyedanganywa hushukuru baadaye. Olga mwenyewe alidanganywa hivyo baba yao alipokufa. Alisafiri kutoka Bukavu na machungwa ya mgonjwa mkobani. Alishukuru, ndiyo. Ila tangu mwaka ule hali machungwa.

Akaenda Kimanga kwa miguu, akafunga mlango wa kibanda, akanawa uso, akapiga simu.

"Mama iko mugonjwa," alisema, na sauti yake ikatii vizuri kuliko alivyotegemea. "Sana. Nitakukatia ndege ya kesho asubuhi, ya Bujumbura. Mutu atakungoja pale akuvushe mupaka."

"Tansyo?"

"Tansyo."

Thierry alivuta pumzi. Nyuma yake zilisikika honi na watu wanaopita. Alikuwa ametoka karakanani, amesimama barabarani ili asikie vizuri. "Sawa. Lakini anza na ya kurudi."

"Ya kurudi? Yaya, tukate kwanza ya kuja."

"Hapana. Mwisho wa mwezi ndege ya kurudi inajalaka watu. Anza nayo. Na andika watu wawili."

Olga akaifunika simu kwa kiganja.

"Olga? Uko unanisikia? Watu wawili. Nitamuleta mama huku. Kuko munganga wa moyo, rafiki yangu alitibiwa kwake. Pasipoti yake si uko nayo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye droo ya meza ile ile, mpya, haijapigwa muhuri hata mmoja. Thierry alimwahidi mama ndege tangu mwaka jana, na mama alikuwa amejiandaa kwa namna yake: alikuja kibandani, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, akawahoji wateja. "Umechukua dirisha?" Aliyesema hapana aligombezwa. Mtu apande juu kiasi kile halafu aangalie mgongo wa mwenzake? Yeye alitaka kuliona ziwa kutoka juu, na kama Mungu akijalia, aone na shamba lake la mihogo kule Makobola.

Olga angeweza kusema mtandao mbaya. Angeweza kusema ndege imejaa. Uongo ulikuwa tele, na siku ile alishaanza kuutumia. Lakini alimjua kaka yake: bila kupata ya kurudi hatakubali ya kuja, na mazishi hayatamngoja. Akabonyeza. Kurudi, Bujumbura kwenda Nairobi, abiria wawili. Pembeni mwa ukurasa saa ndogo ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Soma," Thierry alisema.

"Abiria wa kwanza, Thierry."

"Thierry," akarudia.

"Abiria wa pili." Akafungua pasipoti. Mama alikuwa amekaza uso kwenye picha, amekatazwa kucheka na mpiga picha na amekasirika kukatazwa. Olga akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akalisoma kwa sauti. Thierry akalirudia. Akaandika tarehe ya kuzaliwa. Ukurasa ukauliza kama abiria wa pili anahitaji kiti cha magurudumu.

"Andika ndiyo. Miguu yake inavimbaka."

Akaandika ndiyo. Machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya vitufe na alikuwa anayafuta kwa ukingo wa kitenge, kimya kimya, mdomo wazi ili pua isimsaliti.

Ikaja picha ya viti.

"Mupe simu," Thierry alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo. "Aseme yeye mwenyewe dirishani ni upande gani. Asije akanisumbua njia yote."

"Amelala."

"Basi tutamuamusha?... Apana, umuache alale." Kisha akauliza, "Olga, weye uko wapi?"

"Ku kibanda."

"Na mama iko na nani?"

"Iko na watu. Mujomba Damien. Wamama ya kanisa. Na watu ya Makobola."

Alipolitaja jina la Makobola alijua ameharibu. Ndugu wa Makobola walikuwa na mashamba na nyavu zao. Kwa ugonjwa wa mtu walimtuma mmoja na kikapu cha samaki. Kuja wote, siku ya kazi, walikuja kwa jambo moja tu.

Simuni zilibaki honi peke yake. Zikapita nyingi.

"Watu ya Makobola wamefika," Thierry alisema polepole.

"Yaya."

"Wote?"

"Yaya, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu." Ikasikika sauti ya simu ikikwaruza kitu, na mwanamume fulani kule Nairobi akiuliza, "Kaka, vipi? Keti hapa, keti kwanza." Kisha Thierry akalia, barabarani, mbele ya watu asiowajua, vile vile mjomba Damien alivyotaka asilie. Olga akalia naye. Hakuwa na mkono mrefu wa kumfikia, na moyo ulimuuma kwa hilo kuliko kwa uongo wote.

Walipotulia kidogo, saa ya ukurasa ilikuwa bado inahesabu.

"Mutoe," Thierry alisema. "Mutoe mama pale, ulipe yangu."

Olga akatafuta. Kulikuwa na alama ndogo mbele ya jina. Akaigusa, na ukurasa ukauliza, kwa Kifaransa chake cha adabu: una hakika unataka kumwondoa abiria huyu?

Alikuwa amewacheka wengi waliotetemeka mbele ya kitufe. Sasa kidole chake kilisimama hewani na hakikushuka.

"Sitaweza, yaya."

"Bonyeza tu."

"Sitaweza. Kuja ubonyeze weye."

Thierry akasema, "Basi tungoje."

Wakangoja. Olga aliangalia jina la mama limekaa chini ya jina la mwanawe, na kiti cha dirishani hakijachaguliwa bado, mpaka ile saa ndogo ikafika mwisho na kila kitu kikafutika chenyewe. Muda wako umekwisha, ukurasa ukasema. Tafadhali anza upya.

"Ameenda?" Thierry aliuliza.

"Ameenda."

"Anza na ya kuja. Kesho asubuhi."

Akaanza upya. Nairobi kwenda Bujumbura. Akashuka mpaka kwenye idadi ya abiria. Hakuwa na cha kuandika, ukurasa ulikuwa umekwisha kujaza wenyewe.

"Soma," kaka yake alisema.

"Abiria, mmoja."

Na kule Nairobi, kama ilivyokuwa desturi yake, akalirudia. "Mumoja."